Motokaa ya Kale Iliyotolewa Sadaka

Somo kwa walimu na wakristo wasomao. Yasomwe kwanza: 3 Mose 27, 9–15 na 27; Matendo ya Mitume 4, 34 hata 5, 4; Marko 14, 3–9.



Katika sharika zetu za Upare, sikukuu ya mavuno ifikapo, watu huja kanisani na vipaji vya mikono yao. Huyu huleta mkungu wa ndizi kutoka mlimani, huyu debe la mpunga kutoka Ndungu, na yule jogoo aliyefungwa miguu, ambaye huwika katikati ya mahubiri. Ibada ikiisha twatoka nje, na mzee mmoja mwenye sauti hupanda juu ya kiti na kuvinadi vitu vile kimoja kimoja. Jogoo ambaye sokoni angeuzwa kwa bei ya jogoo, hapa huuzwa karibu na bei ya mbuzi. Tena mara nyingi mnunuzi humrudisha, akauzwe mara ya pili. Tumeyazoea mambo haya hata hatuyafikiri tena. Lakini mwaka uliopita tulipata habari ya kipaji kisichoweza kufungwa miguu, ndipo ilipotubidi kufikiri.

Kijana mmoja wa usharika wetu hapa Bendera, aliyekwenda Marekani kwa masomo na kukaa huko kwa kazi, aliwaandikia wazee wa kanisa barua. Alisema kwamba katika kanisa asalimo yupo mzee mmoja aliyefiwa na mkewe, naye anayo motokaa ya mwaka 1968, aliyoinunua zamani na kuitunza kama mtu atunzavyo ng'ombe wa mahari. Sasa macho yake yamefifia, na watoto wake hawaitaki. Alikuwa amesikia kwa kijana yule kwamba watu wa tambarare ya Bendera huhangaika kwa maji wakati wa kiangazi, akasema, Motokaa hii na iwe yao. Mwisho wa barua kijana akauliza: Je, tuilete?

Wazee walikutana siku ya Jumatano. Mzee wa kwanza kusema alisema, Iletwe upesi, maana tumeomba gari kwa miaka mingi, na Bwana amejibu. Wa pili alisema, Mchungaji wetu ashuka milimani kwa pikipiki, hata mvua ikinyesha na makorongo yakijaa, nasi tuikatae motokaa? Nami sina budi kukiri kosa langu mbele yenu. Usiku ule nililala nikijiona nikitoka Same kwa njia ya Kisiwani, nikipita Maore na Ndungu na Kihurio, na watu wakitoka majumbani kutazama. Sikuuliza hata mara moja motokaa ile ni ya namna gani. Asubuhi, mwalimu wetu mmoja, mtu wa maneno machache, aliuliza swali moja tu: Je, yaweza kuvuka korongo?

Basi imetupasa kujifunza kitu hiki ni nini. Watu wa Marekani huziita motokaa za namna hii motokaa za misuli. Mwaka 1964 kiwanda cha Pontiac kilichukua injini kubwa, ya inchi za ujazo 389, yaani zaidi ya lita 6, kikaitia katika motokaa ya ukubwa wa kati, kikaiita GTO. Motokaa nyingi ndogo za Kijapani tuzionazo njiani Same zina injini ya lita moja na nusu. Mpime wenyewe tofauti. Viwanda vingine vikafuata, na vijana wa nchi ile wakazitamani sana kwa mbio na kwa ngurumo yake. Lakini siku zake hazikuwa nyingi. Bima yake ilipanda, mwaka 1970 ikatoka sheria ya kulinda hewa, na mwaka 1973 mafuta yakaadimika na kuwa ghali ulimwenguni. Viwanda vikaacha kuzitengeneza kama zamani. Vijana wale wamekuwa wazee, wengine wana fedha, na kile walichokikosa ujanani wakitafuta sasa. Hiyo ndiyo sababu ya bei yake. Si kwa kuwa yafaa kazi.

Maana kwa kazi yetu haifai hata kidogo. Usukani wake uko kushoto, nasi twaendesha upande wa kushoto wa njia, hata dereva asiweze kuona mbele anapotaka kupita lori. Tumbo lake liko karibu na nchi. Jiwe moja la njia ya Mkomazi lingelipasua. Injini yake ilitengenezwa kwa petroli yenye risasi, na petroli hiyo iliachwa katika nchi zetu zilizo kusini mwa Sahara tangu mwanzo wa mwaka 2006. Tena serikali ya Tanzania hutoza ushuru wa ziada kwa motokaa kuukuu iingiayo nchini. Na majirani zetu wa Kenya, kwa kawaida, hawaruhusu kabisa kuingiza motokaa iliyopita miaka 8. Yaani tungelipa nauli ya meli, na ushuru wa forodha, na ushuru wa uzee, halafu tungepata kitu cha kuwekwa chini ya mwembe ili kuku watagie.

Jambo la mwisho ndilo lililonishangaza zaidi. Wale wanunuzi wa vitu vya kale hutazama nambari zilizopigwa katika chuma cha injini na katika mwili wa motokaa, wapate kujua kama injini hiyo ndiyo iliyotoka nayo kiwandani. Zikipatana, bei yapanda. Fundi akiiondoa injini ya asili na kutia nyingine, hata ikiwa mpya na bora zaidi, bei yashuka. Basi kama ingefika Same, na fundi wetu hodari angeitia injini ya Kijapani ili iende, kwa wema wake angekuwa ameiharibu sadaka karibu yote.

Sasa na tufungue kitabu cha tatu cha Mose, ndicho kiitwacho Walawi, mlango wa 27. Wakristo wengi husoma kitabu hiki mpaka mlango wa 19 wakachoka. Lakini mlango huu wa mwisho ni kama daftari la mzee wa kanisa. Unaeleza habari ya mtu aliyemwekea Bwana nadhiri, akaleta kitu. Kama ni mnyama afaaye kwa madhabahu, atolewe yeye mwenyewe, asibadilishwe kwa mwingine. Lakini huenda mtu ameleta mnyama asiye safi, kwa mfano punda. Punda hafai madhabahuni. Je, afukuzwe pamoja na punda wake? La. Kuhani amtazame mnyama yule, akadirie thamani yake kwa wema au kwa ubaya wake, na thamani ikadiriwayo na kuhani ndiyo itakayosimama. Mwenyewe akitaka kumkomboa aongeze sehemu ya tano juu ya thamani ile. Asipomkomboa, auzwe.

Angalieni mambo haya vema, ninyi walimu. Kwanza, kitu kisichofaa kwa kazi ya nyumba ya Mungu chaweza kuwa sadaka ya kweli, kwa njia ya thamani yake. Pili, mwenye kutoa hakuachiwa kupima mwenyewe, kwa maana kila mtu humwona punda wake kuwa farasi. Tena nafikiri ile sehemu ya tano ina hekima nyingi. Mtu akitoa kitu, kisha moyo wake ukakirudia, hazuiwi. Lakini alipe zaidi, ajue ya kuwa kilikuwa kimekwisha toka mkononi mwake.

Basi motokaa ile ilikuwa punda. Tukamwandikia kijana: Isiletwe. Iuzwe huko, na thamani yake ije.

Akajibu kwamba ndivyo alivyotaka kutushauri, ila aliogopa kutuvunja moyo. Akatueleza na sheria ya huko, nayo inafaa kujulikana, kwa kuwa sharika nyingi zina marafiki ng'ambo. Serikali ya Marekani humpunguzia kodi mtu atoaye kitu kwa kanisa au chama cha hisani cha nchi ile. Kwa hiyo mzee yule hakuwa na faida ya kodi kama angetuandikia sisi moja kwa moja. Ilimpasa alipe kanisa lake motokaa ile, nalo liiuze na kutuma fedha. Zamani watu wengi walitoa motokaa mbovu na kujiandikia thamani kubwa, kumbe chama kilipoziuza kilipata kidogo sana. Basi mwaka 2004 ikawekwa sheria, ikaanza kutumika mwaka 2005: motokaa ya zaidi ya dola 500 ikiuzwa na chama kilichopewa, mtoaji asihesabiwe zaidi ya bei iliyopatikana kwelikweli; na chama kimpe hati ya bei hiyo kabla ya siku 30 kupita tangu kuuzwa. Liko jambo jingine: chama kikiitumia motokaa chenyewe kwa kazi yake, au kikiitengeneza sana, au kikimpa maskini mwenye haja nayo, ndipo thamani yake huhesabiwa kwa njia nyingine. Tazameni jinsi sheria ya dola kubwa ya siku zetu ilivyorudi mahali pa kuhani na punda.

Barnaba alikuwa na shamba. Mitume hawakuwa na haja ya shamba. Aliliuza, akaileta fedha, akaiweka miguuni pao. Katika mlango unaofuata Anania naye aliuza. Watu hudhani dhambi yake ilikuwa kuzuia sehemu ya fedha. Lakini Petro alimwambia wazi kwamba shamba lilikuwa lake, na hata baada ya kuuzwa fedha ilikuwa katika uwezo wake. Kosa lilikuwa kusema bei isiyo kweli. Mwalimu alifundishe neno hili polepole, kwa sababu kati yetu mtu hulaumiwa kwa kutoa kidogo, na mara chache sana kwa kusema uongo juu ya alichotoa.

Katika habari za wakristo wa siku hizi nimeona mifano miwili ya motokaa na chombo cha namna yake, nayo yote miwili ni ya ndugu zetu Wakatoliki. Haitudhuru kujifunza kwao. Mwezi wa Desemba 1964 Papa Paulo wa Sita alikwenda Bombay katika nchi ya Bara Hindi, akatumia motokaa nyeupe aina ya Lincoln aliyokuwa amepewa na watu wa Marekani. Alipoondoka akampa Mama Teresa wa Calcutta. Mama yule hakuipanda kwenda popote. Aliifanyia bahati nasibu, na fedha ile ikasaidia kujenga Shanti Nagar, kijiji cha wenye ukoma. (Mimi siisifu bahati nasibu, wala sishauri sharika zetu ziifanye. Naisifu haraka yake ya kuachana na motokaa.)

Mfano wa pili ni wa Papa Fransisko. Mwaka 2013 alipewa pikipiki aina ya Harley-Davidson. Akatia sahihi yake juu ya tangi, akaitoa kwa Caritas ya Roma, iuzwe kwa ajili ya nyumba ya maskini wasio na makao karibu na stesheni ya Termini. Wenye mnada walikadiria bei ya euro 12,000 mpaka 15,000. Iliponadiwa Paris mwezi wa Februari 2014, iliuzwa kwa euro 241,500. Msishangae, ninyi mliokwisha kumwona jogoo wa mavuno akiuzwa kwa bei ya mbuzi. Ni mnada ule ule wa nje ya kanisa.

Huenda msomaji mmoja ataniambia: Mchungaji, wewe wauza kila kitu, je, si Yuda aliyesema marhamu ile ingaliuzwa kwa dinari 300 na kupewa maskini? Swali ni jema. Mwanamke wa Betania alivunja chupa, na Bwana hakumlaumu. Aliwalaumu waliokuwa wakipiga hesabu. Yako mambo yasiyouzwa. Katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, yamewekwa magari ya kale, nalo moja ni Rolls-Royce lililowachukua magavana wa Kiingereza, na baadaye Mwalimu Nyerere. Likiuzwa lingeleta fedha, lakini watoto wa shule wasingeona tena kwa macho yao jinsi utawala ulivyobadilika mikono. Basi tofauti ni nini? Nadhani ni hii: yule mwanamke alimiminia Bwana kilicho chake mwenyewe. Hakumiminia cha wengine. Mzee wa Marekani angeweza kuiweka motokaa yake mpaka kufa, wala mtu asimhukumu. Lakini alipokwisha kuitoa kwa ajili ya maji ya watu wa Bendera, ilikuwa maji. Sisi hatukuwa na ruhusa ya kuyageuza kuwa fahari ya mchungaji.

Nayo fahari haikutuacha upesi. Maana barua yetu ilipokwisha kwenda, kijana mmoja wa kwaya alitafuta katika simu yake, akatuonyesha habari ya kweli: mwaka 2014, huko Seattle, motokaa moja ya misuli, Plymouth Hemi 'Cuda ya mwaka 1971 isiyo na paa la chuma, iliuzwa kwa dola milioni 3 na nusu. Siku ya Jumapili usharika wote ulikuwa umekwisha kusikia. Mmoja alijenga kanisa jipya kwa maneno, mwingine akanunua lori. Hapo nilikosa tena, kwa kuwa niliwaacha waseme siku nyingi. Nilipendezwa na furaha yao. Yafaa ningewaambia mara moja kwamba ile ya Seattle ilitengenezwa kwa hesabu ndogo mno, na kwamba nyingi za miaka ile huuzwa kwa bei ambayo mtu wa kazi huko aweza kuiweka akiba. Sisi Wapare twajua kwamba maji ya ndiva hugawiwa kwa kipimo cha yaliyomo asubuhi, wala si kwa kipimo cha mvua iliyonyesha kwa jirani.

Motokaa iliuzwa mwezi wa nne. Mzee yule aliomba jambo moja tu, kwamba isiuzwe kwa mtu wa kuivunja na kuuza vipande vyake. Kanisa lake lilimwahidi kutafuta mnunuzi mwema, lakini likamwambia kwa upole kwamba haliwezi kumfunga mnunuzi baada ya kuuza. Akakaa kimya kidogo, kisha akaweka sahihi. Kijana wetu alikuwapo. Aliandika kwamba mzee alipangusa vumbi juu ya usukani kwa leso yake kabla ya kuwapa ufunguo.

Fedha iliyofika ilitosha kwa tangi kubwa la maji ya mvua, na mifereji ya bati kuzunguka paa la kanisa, na mabati ya chumba cha watoto wa shule ya Jumapili. Vijana na akina mama walifanya msaragambo siku mbili kuchimba msingi na kubeba mchanga, kwa hiyo fundi mmoja tu alilipwa. Kwa watu wa kiangazi ni jambo kubwa. Lakini kwa watu waliokwisha kujenga kanisa kwa maneno lilikuwa dogo, na manung'uniko yakaanza. Walisema, Milioni tatu na nusu zimekwenda wapi? Nani amekula? Wakaanza kuwatazama wazee, na mke wa mzee mmoja alitukanwa kisimani.

Siku ya Jumapili iliyofuata sikuhubiri kwanza. Nilisimama chini, si mimbarani, nikasoma hati ile ya bei iliyotolewa huko, neno kwa neno, mwalimu akiifasiri kwa Kipare kwa ajili ya bibi zetu. Kisha stakabadhi ya benki, na kiasi cha shilingi kilichopatikana siku ile, maana dola haina bei moja kila siku. Kisha stakabadhi ya tangi, ya mifereji, ya mabati, na mshahara wa fundi, hata shilingi za misumari. Ilichukua muda mrefu, na watoto walisinzia. Nilipokwisha nilizibandika karatasi zote mlangoni, zikakaa mwezi mzima, ila moja iliyoliwa na mbuzi, nasi tukabandika nakala yake.

Ndugu mmoja aliyekuwa amenung'unika kuliko wote alikuja jioni, akasoma mlangoni kwa kidole, akaniambia, Baba Mchungaji, misumari mmenunua ghali. Nikamshukuru kwa kweli. Tangu hapo yeye ndiye atumwaye dukani kununua vitu vya kanisa.

Walimu mtakaofundisha somo hili mwanzo wa mwezi, waulizeni watu: Punda wa nadhiri alikadiriwa na nani, na kwa sababu gani? Anania alidanganya nini hasa? Na katika usharika wenu, kipaji kilichouzwa mwaka jana kilileta kiasi gani, na karatasi yake iko wapi? Kama hamwezi kujibu swali la tatu, msiende mbele.

Sisi wenyewe wa Bendera tulijiuliza swali hilo, tukafungua daftari la mnada wa mavuno. Vitu vyote vilikuwa vimelipwa, ila jogoo mmoja mwekundu, aliyenunuliwa kwa sauti kubwa mbele ya watu wote. Aliyemnunua anajijua, na jogoo alikwisha liwa siku ya Krismasi.